Mpini wa Fimbo ya Gofu na Nguvu za Mchezaji

Mchezaji wa gofu anunuapo fimbo, aghalabu hutazama kichwa chake kinavyong'aa, na mpini huusahau. Lakini mpini ndio upindao na kunyoka fimbo ishukapo, na ndio ukiletao kichwa penye mpira kikiwa sawa au kombo.

Apigaye fimbo ndefu ya kuanzia kwa mwendo wa maili 85 hadi 95 kwa saa, kwa kawaida humfaa mpini wa kadiri, wenye herufi R. Azidiye hapo hutafuta mgumu, wenye herufi S. Na wa polepole hutumia mlaini zaidi. Wako vijana waonao haya kushika mpini mlaini, kana kwamba ugumu ni cheo, nao hutoa fedha nyingi kununua mpira uendao chini na kupotelea majanini. Tena herufi hizo si za kutegemewa sana, maana viwanda havina kipimo kimoja: R ya kiwanda hiki yaweza kuwa ngumu kama S ya kile.

Basi mpini hujulikana kwa kupiga. Kichwa kiwe kile kile, na mipira ya namna moja; kila mpini upigiwe mipira kumi, na mchezaji apumzike kabla ya kushika mwingine. Asiushangilie mpira mmoja uliokwenda mbali, bali atazame kama yote kumi imeanguka karibu karibu au imetawanyika. Mwenye maumivu ya kiwiko ajaribu pia mpini wa nyuzi za kaboni, ambao kwa kawaida ni mwepesi kuliko wa chuma na haumtetemeshi mkono sana.