Nani Atangulie Kupiga? Funzo la Mjadala Kutoka Uwanja wa Besiboli

Mara nyingi katika mijadala ya Chama chetu nimesikia hoja zikigeuka kelele. Msemaji wa kwanza anataja jina, wa pili anataja jina jingine, na punde si punde ukumbi mzima umepandwa na mori. Hatimaye anayeshinda ni mwenye koo pana. Katika makala haya nakusudia kuonyesha pale ambapo mjadala wa aina hiyo huharibikia, na jinsi unavyoweza kutengenezwa.

Mfano wangu nimeutoa mbali, tena kwa makusudi. Lau ningetoa mfano wa Gor Mahia na AFC Leopards, nusu ya wasomaji wangefunga gazeti hili kabla ya aya ya tatu, na nusu nyingine wangenitafuta bwenini usiku. Basi twendeni Marekani, katika mji wa Philadelphia, kwa mashabiki wa timu ya besiboli iitwayo Phillies. Huko hatuna timu ya kuifia, kwa hivyo tutaweza kupima maneno yao bila upendeleo.

MCHEZO WENYEWE

Waliocheza raundasi katika shule ya msingi wataelewa upesi. Mrushaji wa timu pinzani anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anatimua mbio kuelekea kituo cha kwanza. Vituo ni vinne, na cha nne ni palepale alipoanzia, nacho huitwa nyumbani. Mchezaji akivizunguka vyote na kurudi nyumbani salama, timu yake inapata mkimbio mmoja. Akiupiga mpira ukavuka ua wa uwanja, hiyo ni homurani. Hapo anazunguka polepole kama bwana harusi, na wenzake wote waliokuwa vituoni hurudi nyumbani pamoja naye.

Ziko njia nyingine za kusonga mbele. Mrushaji akirusha mipira minne mibovu ambayo mpigaji amekataa kuipiga, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Hayo tuyaite matembezi. Tena, aliyekwisha kufika kituoni anaweza kuchomoka kwenda kituo cha mbele wakati mrushaji yuko mbioni kurusha. Huko huitwa kuiba kituo, na si dhambi.

Kila timu ina wapigaji 9 na awamu 9 za kupiga. Wachezaji 3 wakitolewa, awamu imekwisha. Wapigaji hufuatana kwa orodha iliyoandikwa kabla ya mechi: wa kwanza hadi wa tisa, kisha wanamrudia wa kwanza. Swali linalowakosesha mashabiki usingizi ni hili: nani awe wa kwanza kwenye orodha?

PANDE MBILI ZA PHILADELPHIA

Upande mmoja kuna Kyle Schwarber, pande la mtu lenye nguvu za ajabu. Msimu wa 2023 alipiga homurani 47 na kupata matembezi 126. Lakini wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.197, yaani katika kila mara 1000 za kupiga alifanikiwa mara 197 tu. Isitoshe, alitolewa mara 215 kwa kushindwa kabisa kuupata mpira.

Upande wa pili kuna Trea Turner, mwenye mbio za swara. Timu ilimchukua kabla ya msimu huo huo wa 2023 kwa mkataba wa miaka 11 wenye thamani ya dola milioni 300. Mwaka huo wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.266. Aliiba vituo 30 na hakukamatwa hata mara moja.

Mapema msimu huo meneja Rob Thomson alijaribu wengine katika nafasi ya kwanza, Turner akiwemo, kisha akamrudisha Schwarber. Basi bwana, moto ukawaka. Wa upande huu wakasema, "Mpigaji wa kwanza ni mtu wa mbio! Tangu lini jitu zito likatangulia?" Wa upande ule wakajibu, "Homurani 47, mnataka nini tena?" Je, msomaji, umeona kasoro? Kila upande umetaja sifa ya mtu wake, na hakuna aliyeitaja kazi yenyewe.

HATUA YA KWANZA: ITAJE KAZI KABLA YA JINA

Hebu tuulize: mpigaji wa kwanza ameajiriwa kufanya nini? Kazi yake ni kufika kituoni, ili wapigaji wenye nguvu wanaomfuata wamrudishe nyumbani. Mbio ni kitu kizuri, lakini mbio huanza kufaa baada ya mtu kufika kituoni. Hakuna awezaye kuiba kituo cha kwanza.

Historia inatusaidia hapa. Vince Coleman wa St. Louis Cardinals aliiba vituo 107 mwaka wa 1986, idadi ambayo wengi hawaifikii hata wakijumlisha misimu mitatu. Hata hivyo, mwaka huo alifika kituoni mara 301 tu kwa kila zamu 1000. Mbio zake zilikuwa moto, ila alizipatia nafasi chache. Sasa mlinganishe na Rickey Henderson, aliyefariki Desemba 2024. Yeye ameacha rekodi ya kuiba vituo 1406 katika maisha yake ya uchezaji, na rekodi ya mikimbio 2295. Watu humkumbuka kwa mbio, lakini siri yake ilikuwa pia katika matembezi 2190. Alifika kituoni mara 401 kwa kila zamu 1000. Huyo alikuwa na vyote viwili, ndiyo maana wengi humtaja kuwa bora kuliko wote waliowahi kutangulia.

HATUA YA PILI: CHAGUA KIPIMO KINACHOPIMA KAZI HIYO

Fundi hapimi unga kwa rula. Wastani wa kupiga hauhesabu matembezi, ilhali aliyepewa matembezi amefika kituoni sawasawa na aliyeupiga mpira. Kiwango cha kufika kituoni ndicho kinachohesabu yote. Tukitumia kipimo hiki kwa msimu wa 2023, mambo yanageuka juu chini: Turner mara 320 kwa kila zamu 1000, Schwarber mara 343. Yule yule aliyechekwa ati hawezi kupiga ndiye aliyefika kituoni zaidi!

Angalieni, ndugu zangu, namba zote mbili ni za kweli. Aliyetaja 0.197 hakusema uongo. Kosa lake ni kwamba alileta ushahidi wa kesi nyingine. Katika mijadala yetu, ukisikia mtu akitaja takwimu, usikimbilie kuuliza, "Ni kweli?" Uliza pia, "Inapima nini?"

HATUA YA TATU: PIMA UZITO WA JAMBO LENYEWE

Kutangulia kuna faida gani hasa? Wengi hudhani mpigaji wa kwanza hufungua kila awamu. La hasha. Ana hakika ya kufungua awamu ya kwanza peke yake. Baadaye hupiga pale orodha inapomwangukia. Faida yake ya kudumu ni kupata zamu nyingi kuliko wenzake.

Ni nyingi kiasi gani? Wacha tupige hesabu. Kila mechi huisha kwa mpigaji fulani, na wanaomfuata kwenye orodha hukosa zamu ya ziada. Mechi ikiishia kwa mpigaji wa kwanza, atakuwa amemzidi wa pili kwa zamu moja. Kwa kuwa mechi yaweza kuishia kwa yeyote kati ya 9, jambo hili hutokea takriban mara moja katika kila mechi 9. Msimu wa kawaida una mechi 162. Gawanya kwa 9, jibu ni 18.

Kwa hivyo kumshusha mtu kutoka nafasi ya kwanza hadi ya pili kunampunguzia zamu 18 hivi kwa msimu mzima, na anayetangulia hupata zamu zipatazo 700 au zaidi. Si jambo kubwa la kuvunjia urafiki. Lakini pia si bure. Mwaka wa 2023 Phillies walibakisha hatua moja tu kufika fainali kuu, wakashindwa na Arizona Diamondbacks mechi 4 kwa 3. Timu inayokosa kwa nywele ina haki ya kuzihesabu zamu 18. Mjadili mwerevu huyataja yote mawili, kwamba jambo ni dogo na kwamba dogo laweza kuamua.

HATUA YA NNE: TAHADHARI NA NENO "TANGU"

Mwaka wa 2024 Schwarber alifungua mechi kwa homurani mara 15, akaivunja rekodi ya msimu ya Alfonso Soriano, aliyefanya hivyo mara 13 mwaka wa 2003. Wafuasi wake wakaona kesi imefungwa. Wapinzani nao wakauliza swali zuri: homurani ya kufungua mechi ina mikimbio mingapi? Mmoja tu, kwa sababu vituoni hamna mtu. Je, kama angekuwa na mwenzake kituoni?

Msimu wa 2025 Turner alitangulia katika sehemu kubwa ya mechi na Schwarber akapiga chini yake. Schwarber akamaliza na homurani 56, na wenzake pamoja naye wakarudi nyumbani mara 132 kwa mapigo yake. Mwaka uliotangulia hesabu hiyo ilikuwa 104. Turner naye akaongoza ligi yao kwa wastani wa kupiga, 0.304. Ukisema, "Tangu washushane mambo yamenyooka, kwa hivyo ni kushushana kulikofanya hivyo," utakuwa umeruka mto bila daraja. Homurani zenyewe ziliongezeka kutoka 38 hadi 56, na kusogezwa chini kwenye orodha hakumpi mtu misuli. Sehemu ya faida ilitokana na nafasi, sehemu ilitokana na mwaka mzuri. Jogoo huwika ndipo jua likachomoza, lakini jua halimngojei jogoo.

HATUA YA TANO: MPE MPINZANI HAKI YAKE

Sasa nitoe uamuzi wangu, maana mjadili asiye na msimamo ni bendera fuata upepo. Mimi naona Schwarber alistahili kutangulia mwaka wa 2023 na 2024. Mwaka wa 2023 alimzidi Turner kufika kituoni kwa mara 23 katika kila zamu 1000, na mwaka wa 2024 kwa mara 28. Hilo ni pengo la kutosha.

Lakini mwaka wa 2025 Turner alipanda hadi 355, na Schwarber alikuwa 365. Pengo limebaki 10. Hapo hoja ya wapinzani inapata nguvu: ikiwa wanakaribiana kufika kituoni, ni afadhali mwenye mbio atangulie, na mwenye nguvu apige watu wakiwa vituoni. Je, nimegeuka kinyonga? Hapana. Kanuni yangu ni ile ile, kwamba atangulie anayeifanya kazi vizuri zaidi. Kilichobadilika ni hesabu. Kung'ang'ania jina wakati hesabu zimehama ni ushabiki, nao ushabiki ni mtamu uwanjani ila ni mchungu katika uamuzi.

Kisa hiki kina uzito hapa kwetu pia. Tunapochagua nahodha wa timu, kiranja wa darasa au msemaji wa kwanza wa Chama katika mashindano, huwa tunauliza, "Nani ana sauti kubwa? Nani anajulikana?" Mwanafunzi mtulivu anayejua kujenga hoja huachwa kwenye benchi kwa sababu hafanani na picha tuliyoizoea vichwani. Schwarber hakufanana na picha ya mtangulizi, na nusu ya mji ikamkataa kwa umbo lake kabla ya kutazama kazi yake. Nawasihi tusiwafanyie wenzetu vivyo hivyo. Tuitaje kazi kwanza, tuchague kipimo chake, kisha ndipo majina yaletwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mchezaji A ana wastani wa kupiga wa 0.290 na hufika kituoni mara 315 kwa kila zamu 1000. Mchezaji B ana wastani wa 0.240 lakini hufika kituoni mara 360. Nani atangulie? Eleza kipimo ulichotumia na sababu ya kukichagua.

2. Kwa kutumia hesabu ya zamu 18, mpigaji wa kwanza humzidi wa tisa kwa zamu ngapi katika msimu wa mechi 162?

3. Tunga hoja moja inayotumia neno "tangu" kwa njia ya kupotosha, kisha uisahihishe.

4. Andika sifa 3 za kazi ya msemaji wa kwanza katika mjadala. Usitaje jina la mtu yeyote hadi umalize.

Majibu yaletwe kwenye mkutano wa Chama. Atakayejibu swali la 4 kwa kuanza na jina la rafiki yake, atarudishwa kusoma hatua ya kwanza.