Lebo Husomwa Kabla ya Bei

Kutoka Garissa hadi soko la Gikomba ni karibu kilomita 370. Mpenzi wa nguo za zamani anayekaa Nairobi hupanda matatu asubuhi, akafika, akalishika gauni, akalinusa na kulipimia mwilini papo hapo. Sisi wa ng'ambo hii ya Tana tunaanza na picha. Tunatuma pesa, kisha tunangoja basi. Nimezisaka nguo hizi kwa simu na kwa safari: magauni marefu ya miaka ya 1970, mashati ya kiume ya pamba nzito, vitambaa vya kichwa vya hariri. Ninayoandika hapa nimefunzwa na umbali huo, kwa sababu asiyeweza kugusa analazimika kujua.

1. Mwaka wa nguo umo ndani ya nguo

Wauzaji wa Instagram na TikTok huandika "vinteji" chini ya kila picha, hata ya blauzi iliyotoka kiwandani juzi. Etsy wameweka mpaka: kwao vazi haliuzwi kama la zamani mpaka litimize miaka 20. Muuzaji wa Nairobi hafungwi na mpaka huo, na mara nyingi hata yeye hajui alicho nacho mkononi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei naomba picha mbili, ya lebo ya shingoni na ya ile ndogo iliyoshonwa ubavuni kwa ndani.

Jina St Michael lilishonwa kwenye nguo za Marks & Spencer ya Uingereza tangu 1928 hadi 2000, basi ukilikuta ujue nguo imeshavuka miaka 20. Nguo iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Ujerumani Magharibi haikushonwa jana. Nchi yenye jina hilo iliungana na ya Mashariki mwaka 1990. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuweka maagizo ya ufuaji kuanzia 1972, kwa hiyo gauni la huko lenye lebo nzima isiyo na maagizo hayo huenda ni la kabla ya hapo. Chama cha washonaji wa Marekani, ILGWU, kilikuwa na lebo yake ndogo, na ile yenye nyekundu, nyeupe na buluu ni ya kati ya 1974 na 1995. Jinzi za Levi's zenye herufi E kubwa kwenye kipande chekundu cha mfuko wa nyuma ni za 1971 kurudi nyuma, ingawa kampuni imeirudisha E hiyo katika matoleo ya kumbukumbu, na hapo ndipo lazima uangalie pia zipu, mishono na uzito wa kitambaa.

Maarifa haya hayauzwi. Muuzaji anayatoa bure kwenye picha, ila haoni anachokitoa.

2. Joto ndilo mwamuzi

Miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya poliesta. Magauni mengi ya wakati ule, yale yenye maua makubwa ya rangi ya chungwa na kahawia, yanapendeza macho lakini hayapitishi hewa. Hapa kwetu, jua la Februari likipandisha joto juu ya nyuzi 35, gauni la namna hiyo likivaliwa juu ya gaguro na chini ya mtandio ni mateso. Kwa hiyo naangalia kitambaa kwanza, mtindo baadaye. Pamba, lineni, reyoni na hariri ndizo zinazovalika Garissa.

Lebo ikiwa imekatwa, namwomba muuzaji achomoe uzi mmoja wa kitambaa kutoka ukingo wa ndani, auchome, aniambie alichokiona na alichokinusa. Pamba huungua haraka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Hariri hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu. Wapo wanaokasirika wakiombwa hivyo. Wanaokubali ndio ninaorudi kwao mwaka hadi mwaka.

Nisisitize jambo moja kwa dada zangu wanaofunga hijabu. Vile vitambaa vya mraba vya hariri, vilivyotengenezwa Italia au Japani, mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa wauzaji wengi hawavitofautishi na vya nailoni. Tazama pindo. Likiwa limeviringwa na kushonwa kwa mkono, nene kidogo, mishono haionekani vizuri upande wa juu, lipa uondoke.

3. Vipimo, si saizi

Saizi 14 ya Uingereza ya miaka ya 1970 ni ndogo kuliko 14 ya leo. Usiulize saizi. Omba nguo ilazwe sakafuni ipimwe kwa tepu: kwapa hadi kwapa, kiuno, bega hadi pindo. Hicho cha mwisho ndicho kinachoamua kama nguo itafika kwenye kifundo cha mguu, na ndicho wauzaji husahau.

4. Kasoro zina daraja

Belo la mitumba la kilo 45 hupangwa kwa aina: magauni peke yake, mashati peke yake, sketi peke yake. Likifunguliwa sokoni, nguo hutengwa kwa hali yake na kwa mtindo unaopendwa wiki hiyo. Umri hauhesabiwi. Ndiyo maana gauni la miaka 50 lililokosa vifungo viwili linaweza kutupwa chini pamoja na fagia, yale mabaki ya mwisho, huku fulana ya mwaka jana ikining'inizwa juu kama kamera, yaani nguo ya chaguo la kwanza. Punguzo la kweli limo katika pengo hilo, na anayelijua halazimiki kuvutana na mtu kwa maneno makali.

Zipu iliyokufa, kifungo kilichopotea, pindo lililofumuka, bitana iliyochanika: hayo yote fundi wa cherehani wa Garissa huyamaliza mchana mmoja. Lakini jasho lililogeuza rangi ya kitambaa kwapani halitoki tena. Matundu ya nondo kwenye sufu huongezeka. Na hariri ikianza kuoza hupasuka kwenye mikunjo hata ikikunjwa kwa upole. Ivute kidogo kwa vidole, ukisikia sauti kavu ya kukatika, iache. Kwa njia ya simu naomba picha ya kwapa, kola na sehemu ya kukalia ya suruali, mwangani, bila ile programu ya kurembesha rangi.

Hivi ndivyo mazungumzo yanavyokwenda mtu akijua anachokitaka:

"Dada, hiyo ni kamera. Mia nane ndiyo mwisho."

"Kaka, zipu haifungi, na fundi ataniomba mia mbili."

"Lete mia tano na hamsini uende nayo."

Namlipa. Ana kodi ya kibanda, ana wabeba mizigo, na alilinunua belo bila kuona ndani. Sipendi kusikia watu wakijisifu kwamba wamemkamua mchuuzi hadi akauza kwa hasara.

5. Nairobi ina milango miwili kwa mtu wa Garissa

Mlango wa kwanza ni mtaa wa Islii (Eastleigh). Kila mtu wa Kaskazini Mashariki ana ndugu huko, na jina la mji wetu limekaa katikati ya historia ya mtaa ule. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi na wafanyabiashara walipanga vyumba pale, wakalala usiku na kuuza mchana, bidhaa zikiwa kitandani na chini ya kitanda. Vyumba vikageuka maduka, na mfano ule ukaenea hadi majumba makubwa ya biashara tunayoyaona leo. Islii ni ya vitu vipya: diraa na magaguro yake ya harusi, abaya, manukato, vitambaa vya jora. Mpenda vya zamani hapati mengi kwenye madirisha yake. Ila mafundi wake ni hodari kwa nguo ndefu, na kwa wenye maduka ya vitambaa napata bitana ya pamba na uzi wa rangi ninayoitaka.

Mlango wa pili ni Gikomba, mwendo mfupi kutoka Islii. Nenda alfajiri, belo zinapofunguliwa. Wauzaji wa mtandaoni nao huwa pale saa hizo wakichagua watakachotupigia picha mchana, kwa hiyo ukifika saa nne umefika baada yao. Vaa viatu vilivyofunika vidole, beba pesa kidogo taslimu, na usipitie rundo moja kwa haraka ili ukimbilie lingine. Mkono hujifunza kuijua pamba ya kale ndani ya rundo kabla jicho halijaiona. Huo ndio ujuzi pekee ambao simu haikunipa.

Gikomba pia imenifunza kuheshimu kazi iliyo nyuma ya nguo ya shilingi 100. Soko limeungua tena na tena. Juni 2018 moto uliwaua watu 15. Machi 2020 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, ikairuhusu tena Agosti, na kwa miezi ile wauzaji niliokuwa nao walitoa nguo zilizolala stoo kwa miaka, wakiziuza ili wale. Nilinunua nilichoweza, kwa bei waliyotaja.

6. Bei ya ng'ambo ni daftari, si duka

Shati la dola chache kwenye eBay likiletwa hadi Garissa hulipiwa nauli kubwa kuliko thamani yake, kisha ushuru, kisha VAT ya asilimia 16. Sinunui huko ila kwa kitu nisichoweza kukipata Afrika Mashariki. Lakini nachungulia bei za vitu vilivyokwisha kuuzwa, ambazo ndizo bei za kweli, tofauti na zile ambazo muuzaji anatamani tu.

Kuhusu usafirishaji wa hapa nchini, nina kanuni fupi. Muuzaji mgeni namlipa nusu kwa M-Pesa, nusu mzigo ukishakabidhiwa ofisi ya basi na nikaiona risiti yenye namba. Msimu wa mvua siagizi nguo ya harusi wiki ya harusi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara upande wa Madogo, na Aprili 2024 maji ya Tana yakaifunika tena pale Kona Punda. Watu walivuka kwa mashua na wengine wakafa maji. Siku kama hizo kifurushi hakina maana.

7. Njia ya Mombasa hupita kwenye pamba

Basi la Garissa kwenda Mombasa hufuata Tana, likapita maeneo ya Bura na Hola, kisha Garsen na Malindi. Wasafiri wengi hulala. Mimi hutazama mashamba, kwa sababu pamba ilikuwa zao kubwa la skimu za umwagiliaji za Bura na Hola. Ile ya Hola ilikwama mwaka 1989 mto ulipohama njia yake. Tunavaa pamba iliyolimwa na kushonwa mabara mengine, ikavaliwa na wengine, ikaletwa kwetu kwa kilo, nasi tuna mto na udongo uliokwisha kuizaa. Nazipenda nguo za mitumba na sitaacha kuzinunua, lakini jambo hili linaniuma kila nikipita.

Mombasa yenyewe ni Kongowea kwa mitumba na Mtaa wa Biashara kwa leso. Nguo ya zamani ya pwani ndiyo leso, na nayo husomeka. Duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwapo tangu 1887, na alama yake, K.H.E. Mali ya Abdulla, huonekana kwenye kitambaa. Leso yenye maneno ya herufi za Kiarabu ni ya kizazi cha mwanzo. Hiyo ikitolewa sandukuni, usiivae, ihifadhi. Anayetaka kujua zilivyovaliwa azitafute picha za studio ya N. V. Parekh wa Mombasa: wapambe wa harusi, vijana wa suruali za bugaluu, wanawake waliovaa leso za jozi. Nimechagua mikunjo ya magauni yangu kutoka picha hizo zaidi kuliko kutoka jarida lolote la mitindo.

8. Nguo za bibi zetu hazina lebo, tuzipe

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika juu ya kitambaa kilichofumwa pale na kusafirishwa hadi Misri. Wafumaji wa Benadir waliendelea na kazi hiyo kwa karne nyingi, na alindi yao yenye milia ndiyo iliyofungwa guntiino begani na wanawake wa Kisomali. Katika masanduku ya Garissa, Wajir na Dadaab bado zipo: guntiino, mitandio ya garbasaari, diraa za miaka ya 1980 zilizovuka mpaka ndani ya mafurushi ya waliokimbia vita. Hakuna anayezitangaza mtandaoni, na hazina lebo ya kiwanda ya kumwongoza mtu wa baadaye.

Ninazoonyeshwa na wazee nawashauri wasiniuzie. Badala yake nakaa na mwenyewe nikimuuliza: ilinunuliwa wapi, na nani, ilivaliwa siku gani kwanza. Majibu nayaandika kwa penseli, maana wino huvuja, kwenye utepe mweupe wa pamba, na naushona kwa ndani pale pindo linapoanza, mishono mikubwa inayofumuka bila kuumiza kitambaa. Nguo ifuliwe na ikauke kivulini. Isikae kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu joto la huku huilowesha na kuitia madoa. Foronya ya pamba inatosha. Ikunjwe upya kila baada ya miezi michache ili mkunjo usikae mahali pamoja, na yawekwe majani makavu ya mwarubaini kuizunguka, yasiguse kitambaa.