Njia Nne za Kujengesha Nyumba Kubwa

Nyumba ndogo ya mtu na jamaa yake haihitaji maneno mengi: mwenyewe hutafuta fundi, hupatana naye bei, na kazi huanza. Lakini watu wengi wakikusudia kujenga shule, zahanati au ukumbi, fedha zao zimekusanywa kidogo kidogo, nazo zikipotea hazirudi upesi. Kwa hiyo yawapasa wazee, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, kujua ya kuwa ziko njia mbalimbali za kujengesha. Katika kila njia yafaa kuuliza neno hili: kosa likitokea, ni nani atakayelipa?

Njia ya kwanza ni kutenga kazi ya ramani na kazi ya kujenga. Mwenye mali hupatana kwanza na mchora ramani. Ramani zikiisha, pamoja na hesabu ya vifaa, wakandarasi huitwa, na kila mmoja huandika bei yake katika bahasha iliyofungwa. Hiyo ndiyo zabuni. Faida yake ni kwamba bei zaweza kulinganishwa, maana wote wamesoma ramani moja, na mchora ramani huikagua kazi kwa ajili ya mwenye mali. Hasara yake ni kwamba mwendo wake si wa haraka. Tena kosa likionekana katika ramani, mkandarasi hudai malipo ya ziada, naye mwenye mali ndiye alipaye, kwa kuwa ndiye aliyempa ramani ile.

Njia hii yataka ramani ziishe kwanza. Tutazame jumba la Sydney Opera House katika Australia. Mwaka 1957 ramani ya Jørn Utzon, mtu wa Denmark, ilishinda mashindano. Serikali ilikuwa na haraka, na kazi ya chini ilianza 1959, hali hesabu ya mapaa yake ya ajabu haijapatikana. Baadaye ilionekana kwamba nguzo zilizokwisha kujengwa hazikuweza kuchukua uzito wa mapaa, ikabidi zijengwe upya. Utzon aliiacha kazi mwaka 1966. Jumba lililokusudiwa kumalizika 1963 lilifunguliwa 1973, na gharama iliyokisiwa kuwa dola milioni 7 za Australia ilifika milioni 102.

Njia ya pili ni kumpa mtu mmoja, au kampuni moja, ramani na ujenzi pamoja. Hapo hakuna kusukumiana lawama, kwa maana kosa la ramani ni lake na kosa la ukuta ni lake. Kazi nayo huenda upesi. Lakini akaguaye ni yule yule apataye faida, na bei hukatwa kabla ramani hazijaisha. Basi neno lisiloandikwa katika mapatano halitapatikana. Ni lazima kuandika wazi: vyumba vingapi, mabati ya unene gani, sakafu ya namna gani. Tena mwenye mali amwajiri mkaguzi wake mwenyewe.

Njia ya tatu ni kumwita mjenzi mapema, akae pamoja na mchora ramani tangu mwanzo, amwambie lipi litakuwa ghali na lipi litakawiza. Hivyo ndivyo lilivyojengwa jumba la Empire State Building katika New York. Wachora ramani Shreve, Lamb na Harmon, wajenzi Starrett Brothers na Eken, na wenye mali walifanya shauri pamoja. Ujenzi ulianza Machi 1930, na jumba lenye orofa 102 lilifunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Gharama nayo ilikuwa chini ya makisio. Ni kweli kwamba bei zilishuka kwa sababu ya shida ya fedha ya miaka ile. Lakini wepesi ule haukuletwa na bei. Hatari ya njia hii ni kwamba mwanzoni bei ya mwisho haijulikani, isipokuwa mjenzi amekubali kikomo.

Njia ya nne ni mwenye mali kununua vifaa mwenyewe na kuajiri mafundi wa mahali pale. Katika Tanzania shule na vituo vya afya vingi vya serikali vimejengwa hivi. Faida ya mkandarasi huokolewa, na vijana wa karibu hupata kazi. Lakini hasara zote ni za mwenye mali: saruji ikiganda ghalani, nondo zikiibwa, ukuta ukipinda, hakuna wa kumdai. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, ikiwa hakuna haraka, njia ya kwanza yafaa. Ikiwa jengo ni la namna iliyozoeleka na wakati ni mfupi, ya pili. Ikiwa kazi ni ngumu na mjenzi ni mwaminifu, ya tatu. Njia ya nne ni ya wale walio na mtunza ghala amini na msimamizi ajuaye ujenzi. Wasio nao wasiijaribu kwa sababu ya urahisi wa bei tu.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini nguzo za Sydney zilijengwa mara mbili?
2. Katika kila njia, ni nani alipaye kosa la ramani?
3. Kwetu, ni nani awezaye kutunza daftari la ghala?