Sahihi ya Pua: Somo la Picha Ndogo kutoka Rumangabo

Gorila wa milimani ana alama za vidole kama sisi, lakini hakuna awezaye kumshika mkono msituni ili azisome. Kinachosomeka kwa mbali ni pua. Juu ya matundu yake kuna mikunjo, na mikunjo ya huyu haifanani na ya yule. Wanaowafuatilia gorila wa Virunga huitumia kuwatambua mmoja mmoja. Mtafiti Dian Fossey, alipoanza kazi yake Kabara, kwenye miteremko ya Mlima Mikeno, mwanzoni mwa mwaka 1967, alizichora pua hizo kwa mistari michache, na mistari hiyo ilimtosha. Julai mwaka huohuo wanajeshi walimshusha mlimani wakamzuia Rumangabo, upande wa Kongo. Akatorokea Uganda, na Septemba akaanzisha kituo cha Karisoke upande wa Rwanda. Njia ya kumtambua gorila kwa mchoro wa pua aliendelea nayo huko.

Mchoro ule ni sahihi kamili. Umeacha nywele, majani na mwanga, umebakiza kinachomtambulisha mwenyewe. Kazi hiyohiyo humngoja mtu anayetengeneza picha ya sahihi kwa kompyuta, yaani ule ukanda mwembamba wa picha wenye jina lake unaokaa chini ya barua pepe zake. Wengi hubahatisha: wanabonyeza hapa, wanavuta pale, mwishowe picha inatoka na ukungu na herufi hazisomeki. Anayejua picha imeundwa na nini hahitaji kubahatisha. Tuanze mwanzo kabisa.

Picha ni jedwali la namba

Tazama mkeka wa ukili. Kwa mbali unaona maua na mistari. Ukiinama unaona vipande vidogo, kila kimoja na rangi yake. Picha ya kompyuta imefumwa hivyo. Kila kipande huitwa pikseli. Mwaka 1957, nchini Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga ikiwa na pikseli 176 kwa upana na 176 kwa kimo, jumla 30,976, na uso wa mtoto ukatambulika.

Simu ya leo inaweza kutoa picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Kila pikseli hubeba namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Zote zikiwa 0 unapata nyeusi. Zote zikiwa 255 unapata nyeupe. Zidisha 256 × 256 × 256, utapata rangi 16,777,216 zinazowezekana. Kila namba huchukua baiti moja, kwa hiyo picha hiyo, kabla ya kubanwa, ina baiti milioni 36.

Hapa pana jambo la kushika: ndani ya jedwali hilo hamna gorila, hamna pua. Zimo namba tu. Programu ya kuhariri picha, iwe Photoshop iliyotoka mwaka 1990 au GIMP ambayo ni ya bure, inajua kujumlisha na kugawanya namba. Kujua lipi ni la maana katika picha ni kazi yako.

Kata kwanza, punguza baadaye

Tuseme sahihi yetu itakuwa na pikseli 400 kwa 100, na picha tuliyonayo inaonyesha gorila akiwa amekaa vichakani. Mtu wa haraka atakata ukanda wa pikseli 4,000 kwa 1,000, kisha ataupunguza mara kumi. Programu inafanya nini? Inachukua mraba wa pikseli 10 kwa 10, yaani 100, na kutafuta wastani wake. Pikseli mia zinakuwa moja.

Sasa fuata mkunjo mmoja wa pua. Tuseme ngozi ina mwanga wa 60, mkunjo ni mweusi zaidi, 20, na una upana wa pikseli 3. Ndani ya ule mraba wa safu 10, safu 3 ni za mkunjo na 7 ni za ngozi. Wastani ni 0.3 × 20 + 0.7 × 60, yaani 6 + 42, sawa na 48. Tofauti kati ya mkunjo na ngozi ilikuwa 40, imebaki 12. Jicho halitaushika. Sahihi ya gorila imefutika, na hakuna aliyeifuta kwa makusudi.

Rudi nyuma. Safari hii sogea karibu, ukate ukanda wa pua na macho peke yake, pikseli 800 kwa 200. Ukiupunguza mara mbili unapata ileile 400 kwa 100, lakini mkunjo wa pikseli 3 sasa una upana wa pikseli moja na nusu, na mahali fulani weusi wake unabaki mzima. Ukubwa wa sahihi ni uleule, ila hii ya pili inamtambulisha mwenyewe.

Je, ile ya kwanza inaweza kukuzwa ili mkunjo urudi? Haiwezi. Ukiwa na 48 mkononi, huwezi kujua kama imetokana na safu 3 za weusi mkali, au safu 6 za weusi hafifu, au ngozi iliyofifia yote. Picha nyingi tofauti hutoa wastani mmoja. Programu ikikuza, inakisia. Kupunguza ni njia ya kwenda bila kurudi.

Matabaka na kingo

Jina lako hulichori moja kwa moja juu ya picha. Unaliweka kwenye tabaka lake, kama kioo kilicholazwa juu ya kioo kingine, ili uweze kulisogeza bila kuharibu kilicho chini. Kila tabaka lina namba ya nne katika kila pikseli: kiasi cha kuziba. Hesabu yake ni nyepesi. Herufi nyeupe ya 255 ikiziba asilimia 40 juu ya msitu wa 60, unapata 0.4 × 255 + 0.6 × 60, sawa na 138. Ndiyo sababu herufi zilizofifishwa huonekana kama moshi. Na kama nyuma yake kuna mbingu ya 200, hata herufi nyeupe kamili itamezwa. Dawa ni kutandika katikati tabaka jeusi linaloziba nusu: mbingu inashuka hadi 100, na herufi ya 255 inasimama wazi.

Kingo zinahitaji uvumilivu zaidi. Aprili 2019, picha ya selfie kutoka Rumangabo ilizunguka dunia. Aliyeipiga ni mlinzi Mathieu Shamavu, katika Kituo cha Senkwekwe kinacholea gorila yatima. Nyuma yake Ndakasi na Ndeze, waliofanywa yatima na mauaji ya gorila ya mwaka 2007, wamesimama wima kama watu. Wengi walidhani imebandikwa. Uongozi wa Hifadhi ya Virunga ukathibitisha kuwa ni ya kweli, na kwamba gorila hao waliolelewa na binadamu huiga walezi wao.

Anayeshuku picha atazame kingo. Unywele mwembamba haujazi pikseli nzima. Pikseli ya ukingoni huwa ni mchanganyiko wa unywele na kilicho nyuma yake. Ukimkata gorila kutoka vichakani na kumweka juu ya mbingu, pikseli hizo huja na ukijani wa vichaka, na mwili unazungukwa na utepe usio wa pale. Unapokata, basi, lainisha ukingo pikseli moja au mbili, namba ya kuziba ishuke polepole kutoka asilimia 100 hadi 0. Kisha angalia mwanga: kama jua limempiga gorila kutoka kushoto, kivuli cha herufi zako nacho kiangukie kulia.

Kuhifadhi

Sahihi yetu ya 400 kwa 100 ina pikseli 40,000, baiti 120,000 kabla ya kubanwa. Muundo wa JPEG, uliowekwa mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa mabadiliko madogo ambayo jicho haliyajali sana. Kwa manyoya na majani unafaa mno. Kuzunguka herufi zenye ukingo mkali huacha madoa. PNG, iliyotoka mwaka 1996, hubana bila kutupa kitu, na huhifadhi ile namba ya nne. Sahihi yenye jina kubwa na rangi chache ihifadhi kwa PNG. Iliyojaa picha, ijaribu kwa JPEG ya ubora wa juu na uyatazame maandishi. Kila anayefungua barua yako hulipia baiti hizo kwa vifurushi vyake vya intaneti, kwa hiyo kuzipunguza ni adabu.

Na kabla ya yote, tumia picha uliyoipiga mwenyewe au uliyoruhusiwa na mwenye picha.

Limebaki agizo moja, nami nalisema kwa moyo wote: fanya kazi juu ya nakala, na uitunze picha ya asili bila kuigusa, mahali pawili. Kutoka picha kubwa unaweza kutoa ndogo elfu moja. Kutoka ndogo hutaipata kubwa kamwe. Ndakasi alifariki tarehe 26 Septemba 2021, akiwa na miaka 14, mikononi mwa mlezi wake Andre Bauma. Mikunjo ya pua yake haitapigwa picha tena. Iliyohifadhiwa ndiyo iliyopo.