Darasa ya Mama Mgonjwa na Wanawe

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zangu, nimeletewa suala na ndugu watatu wa hapa Kilindoni. Mama yao ana saratani ya shingo ya kizazi. Walivuka naye hata Nyamisati, wakamfikisha Dar es Salaam katika hospitali ya Ocean Road, ile iliyojengwa na Wadachi ufukoni, nayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya maradhi haya. Waganga wakawaambia ya kuwa maradhi yamekwisha kuenea, wakampa mofini ya kunywa ya kutuliza maumivu, naye akarejea kwake. Sasa ndugu wamehitilafiana. Mkubwa ataka mama arudishwe ng'ambo. Wa kati asema dawa zote ziachwe, yatosha tawakali, na mofini ni ulevi. Mdogo asema mama asiambiwe neno. Na mama mwenyewe ameacha kusali miezi miwili, kwani aliambiwa kuwa maadamu damu yatoka, hana tohara.

Naanza na hili la mwisho, kwani ndilo lililoniuma. Hedhi katika madhehebu yetu haizidi siku 15. Damu isiyokatika miezi miwili, zipo siku zake zinazohesabiwa hedhi kwa hesabu maalumu, basi waulizeni wajuao. Zilizobaki zote ni istihadha, nayo haiondoi sala. Ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe baada ya kuingia wakati, asali fardhi moja na sunna atakazo. Damu ikipenya hali amekwisha jifunga sawasawa, sala yake ni sahihi. Maji yakimdhuru, atayamamu. Asiyeweza kusimama huketi. Asiyeweza kuketi hulala ubavu, kisha chali. Asiyeweza kutikisa kichwa huashiria kwa macho, na akishindwa, huipitisha sala moyoni. Maadamu akili ipo, sala ipo. Kauli mashuhuri ya madhehebu ni kuwa mgonjwa hakusanyi sala mbili, walakini Imam Nawawi aliitia nguvu kauli ya kuruhusu, na kwa mtu wa hali hii sioni kumkataza. Zilizompita azilipe kadiri ya nguvu zake. Na saumu, kwa asiyetarajiwa kupona, ni kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Ama dawa, Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kujitibu ni sunna na kumlazimisha mgonjwa ni makuruhu. Basi safari ya ng'ambo ni hiari ya mama, si ya mwanawe mkubwa. Na wewe wa kati, tawakali ni yake yeye atakayestahimili maumivu. Huwezi wewe kutawakali kwa mwili wa mwenzio. Kilichoharimishwa ni kuondoa akili kwa mchezo. Mofini kwa haja, kwa kipimo cha mganga, ni dawa katika dawa. Aliyeificha chupa kabatini na mama akikesha akiugua, amemdhulumu mama.

Nimfikie mdogo. Nami nakiri: kaka yangu alipougua maradhi kama haya, nalimficha, nikidhani ni huruma. Kila siku nikimwambia, "Kaka, utapona." Akafa hali ameweka rahani minazi yake kwa watu wawili, wala hakuandika, kwani hakujua kuwa wakati umekwisha. Hata leo nyumba mbili hazisalimiani. Mgonjwa ana haki ya kutoa usia katika thuluthi yake, na kulipa deni, na kutaka radhi kwa watu. Nabii Ayub alimlalamikia Mola wake hali ajua yaliyompata. Akiuliza, aambiwe kweli kwa upole, na aliye karibu naye amkumbushe upana wa rehema ya Mungu, apate kumdhania mema.

(Na mwenye binti asiipuuze chanjo ya maradhi haya iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018.)

Wakati ukifika, alazwe ubavu wa kuume aelekee kibla, nacho kwetu ni kaskazini. Ikiwa hawezi, alazwe chali, uso na nyayo zielekee huko. Shahada itamkwe mbele yake kwa utaratibu, asiambiwe "sema". Akiisha kuitamka asirudiliwe, ila akisema neno jingine. Na bora mwenye kumtamkia asiwe mrithi, asije akamdhania kuwa aharakisha mirathi. Wakiwa hakuna ila wao watatu, na awe aliye mpole wao.

Mama yule wamekwisha kumwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akataja deni la ukili alilokuwa nalo kwa jirani yake wa Jibondo, akaomba maji ya kutawadhia, kwani adhuhuri ilikuwa imekwisha kuingia.