SOMO LA VIKUNDI: Mtoto Wetu Anataka Kuwa Mwalimu. Ajaze Nini Kwenye Fomu?

Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linalogusa vikundi vyetu vingi, yaani kumsomesha mtoto mpaka awe mwalimu wa shule ya upili. Kiongozi wa kikundi asome kwa sauti, sehemu moja moja, na wanachama wajadiliane kabla ya kuendelea. Kama kuna kijana wa kidato cha nne hapo nyumbani, mwiteni aketi nanyi. Somo hili ni lake kuliko letu.

Yaliyotupata sisi

Katika kikundi chetu kimoja cha akina mama kulikuwa na binti aliyepita vizuri KCSE. Tangu utotoni alisema atakuwa mwalimu wa Historia. Alipoitwa chuo kikuu, wanachama 20 wakakubaliana kila mmoja atoe shilingi 50 kila Alhamisi. Hizo ni shilingi 1,000 kwa wiki, na 52,000 kwa mwaka. Zilipopungua, mama yake akauza mtamba. Wakaendelea hivyo miaka minne, na si mchezo, maana kuna Alhamisi mtu alitoa hamsini hiyo na nyumbani hakuna sukari.

Binti akahitimu. Mbuzi wawili wakachinjwa. Wiki iliyofuata akachukua vyeti vyake akaenda ofisi ya TSC ya kaunti kuuliza habari ya kuandikishwa. Afisa akaviangalia, akamwambia kwa upole, "Hii ni digrii nzuri, lakini si ya ualimu." Alikuwa amesomea B.A., masomo yake makubwa yakiwa Historia na Sosholojia. Akaambiwa kwamba ingembidi arudi chuo asomee ualimu. Na hata akirudi, Sosholojia haifundishwi katika shule zetu za upili, kwa hiyo ana somo moja tu la kufundisha, na mwalimu hutakiwa kuwa na mawili.

Mama yake alipoambiwa, alikaa chini palepale uani.

Je, kosa lilikuwa la nani? Binti alisoma kwa bidii na hakurudia hata mtihani mmoja. Kikundi kilitoa pesa kama kilivyoahidi. Lakini siku ya kujaza fomu, binti alikumbuka mwalimu wake akisema, "Mimi nilifanya arts." Akaona neno hilo kwenye orodha, akalichagua. Sisi sote tulijua kuuliza karo ni ngapi. Hakuna aliyeuliza, "Digrii hii itamfanya awe nani?"

1. Majina mawili yanayofanana

Kwenye orodha ya vyuo vikuu mtaona B.A., na mtaona B.Ed. Arts. Haya si kitu kimoja.

B.A. ni digrii ya sanaa. Mwanafunzi anasoma Historia, Jiografia, lugha, Uchumi au Sosholojia ili alijue somo lenyewe. Hafundishwi kufundisha.

B.Ed. Arts ni digrii ya elimu pamoja na sanaa. Mwanafunzi anasoma mambo mawili kwa wakati mmoja. Anasoma masomo mawili atakayofundisha, na anasomea kazi ya ualimu. Ndani yake kuna saikolojia ya mwanafunzi, historia na falsafa ya elimu, mitaala, namna ya kutayarisha somo, na namna ya kupima kama watoto wameelewa. Kwa kawaida huchukua miaka minne. Hutolewa na vyuo vikuu vingi nchini, kama vile Kenyatta, Moi, Maseno, Egerton na Masinde Muliro.

Kwa hiyo mtoto akisema, "Nataka kuwa mwalimu wa Kiswahili," jina la kutafuta kwenye orodha ni B.Ed. Arts. Anayetaka kufundisha Kemia au Baiolojia hutafuta digrii ya elimu upande wa sayansi.

2. Masomo mawili, si moja

Mwalimu wa shule ya upili hutayarishwa kwa masomo mawili. Huu mwungano ndio wengi wetu hatuufikirii, na ndio unaoamua mambo mengi baadaye.

Myungano ya kawaida ni kama Kiswahili na Historia, Kiswahili na Dini, Historia na Dini, au Jiografia na Historia. Kiingereza kwa kawaida huenda pamoja na Fasihi yake. Baadhi ya vyuo huruhusu Jiografia pamoja na Hisabati. Si kila chuo kina kila mwungano, kwa sababu vipindi vya masomo mengine hugongana. Basi mwanafunzi aulize kabla ya kuchagua chuo, asingoje kufika huko akakuta somo analolipenda haliendi na la pili.

Tena masomo yote mawili lazima yawe yanafundishwa shuleni. Huu ndio mtego uliomnasa binti yetu. Sosholojia, Falsafa na Sayansi ya Siasa ni elimu nzuri, lakini chukueni ratiba ya shule ya upili iliyo karibu nanyi mtafute. Hamtayaona.

3. Alama za KCSE

Kuingia digrii kunahitaji wastani wa C+ katika KCSE. Hilo wengi wanalijua. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba kanuni ya TSC kwa mwalimu wa shule ya upili imekuwa ikitaka pia C+ katika kila somo kati ya yale mawili atakayofundisha.

Tuseme kijana ana wastani wa B, ana B+ ya Kiswahili, na ana C ya Jiografia isiyo na jumlisha. Wazazi wanaona B wanashangilia. Lakini akichagua Kiswahili na Jiografia, ile C itakuja kumsumbua wakati wa kuandikishwa. Kama ana C+ ya Historia, afadhali achukue Kiswahili na Historia. Kwa hiyo tusiangalie wastani peke yake. Tufungue karatasi ya matokeo, tuweke kidole kwenye kila somo.

4. Miaka minne ikoje?

Kuna watu husema ati B.Ed. Arts ni digrii ya walioshindwa na mengine. Maneno hayo yanawavunja vijana moyo bure. Mwanafunzi huyu ana masomo mawili ya kusoma kwa kina, na juu yake ana masomo ya elimu. Mwenzake wa Fasihi anasoma riwaya na tamthilia usiku kucha, wa Jiografia anakwenda nyanjani kupima mto na udongo. Si kazi ya mvivu.

Halafu kuna mazoezi ya kufundisha, ambayo vijana huyaita TP. Mwanafunzi hupelekwa shule halisi kwa muda wa muhula mmoja hivi. Anaandaa vipindi, anasimama mbele ya darasa, na wahadhiri wake wanakuja kumkagua na kumpa alama. Hapo ndipo wengi hugundua kama kazi hii wanaipenda kweli.

Vikundi vinavyosaidia mwanafunzi mkumbuke TP katika hesabu zenu. Muhula huo huenda akahitaji kupanga chumba karibu na shule, nauli, nguo za heshima, na karatasi za kutengenezea vifaa vya kufundishia. Tumeona mwanafunzi akikwama hapo wakati karo yote imelipwa.

5. Kama tayari ana B.A.

Asikate tamaa. Kuna njia ya pili. Aliye na B.A. anaweza kurudi chuo kusomea diploma ya uzamili katika elimu, ambayo kwa kifupi huitwa PGDE. Huchukua kama mwaka mmoja, pamoja na mazoezi ya kufundisha. Lakini masharti ni yale yale. Digrii yake iwe na masomo mawili yanayofundishwa shuleni, aliyoyasoma vya kutosha, na alama zake za KCSE ziwe zinakubalika. Kabla ya kulipa hata shilingi, apeleke vyeti vyake ofisi ya TSC ya kaunti waviangalie.

Njia hii inamfaa ambaye hana hakika na ualimu, anayefikiria labda uandishi wa habari au kazi ya maendeleo. Mwenye hakika kwamba ataka kufundisha, B.Ed. Arts ni njia fupi zaidi na hailipiwi mara mbili.

6. Pesa na kazi: tusidanganyane

Bodi ya mikopo ya HELB iliundwa mwaka 1995, na imesaidia watoto wengi wa maskini. Lakini mkopo ni deni. Utalipwa na riba baada ya masomo. Mwaka 2023 serikali ilileta mpango mpya wa kugharamia vyuo vikuu, wenye msaada na mkopo kulingana na hali ya nyumbani, na mpango huo ulifikishwa kortini. Kwa hiyo msitegemee mliyosikia kwa jirani aliyesomesha miaka ya nyuma. Ulizeni ya mwaka wenu.

Na kazi je? Mtoto akihitimu, lazima aandikishwe na TSC kabla ya kufundisha shule yoyote, ya serikali au ya binafsi. Hiyo ni sheria. Lakini kuandikishwa si kuajiriwa. Walimu waliosomea sanaa ni wengi, na nafasi hazitoshi wote. Wengi huanza kwa kuajiriwa na bodi ya shule kwa mshahara mdogo, au kuwa intani, na kungoja miaka kadhaa. Tunayasema haya wazi ili kikundi kisije kikamlaumu mtoto kwamba ameshiba na kutusahau, kumbe hana kitu.

Mtaala nao umebadilika. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya 8-4-4 ni wa mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na huko kuna njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Serikali inataka wanafunzi wengi zaidi waende sayansi. Maana yake ni nini kwa mwalimu wa sanaa? Historia au Dini hazitasomwa na kila mwanafunzi. Lakini Kiingereza husomwa katika njia zote tatu, na Kiswahili pia, isipokuwa kwa wale wanaochukua Lugha ya Ishara. Kwa sababu hiyo, sisi tungemshauri kijana, kama alama zinamruhusu na moyo unapenda, mojawapo ya masomo yake mawili liwe lugha. Hatusemi aache Historia. Tunasema aifunge pamoja na kitu ambacho shule zote zinakihitaji.

Hatua za kufuata

Kwanza, mleteni mtoto mbele ya kikundi na karatasi yake ya matokeo. Andikeni masomo yote aliyopata C+ au zaidi.

Pili, tieni alama yale mawili anayoyapenda, na mhakikishe yanafundishwa shuleni.

Tatu, mtu mmoja aende na mtoto ofisi ya TSC ya kaunti, aulize kama mwungano huo na alama hizo zitakubaliwa. Kuuliza ni bure.

Nne, tafuteni mwalimu aliyemaliza B.Ed. karibuni, si wa zamani sana, aeleze chuo chake kina myungano gani.

Tano, fomu ya KUCCPS siku hizi hujazwa kwa simu au kompyuta. Msimwachie kijana wa saiba. Mtoto asome mwenyewe jina la digrii, herufi kwa herufi, kabla ya kubonyeza. Akikosea, kuna muda uliowekwa wa kubadilisha. Awahi kabla haujapita.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni nani aliyesoma akakosa kazi aliyoitaka kwa sababu ya kuchagua bila kuuliza?
2. Je, mtoto anataka ualimu, au ni sisi tunaoutaka kwa ajili yake?
3. Tukimsomesha, je, tunamdai? Tukubaliane leo, tuandike kwenye kitabu cha kikundi.
4. Akingoja kazi miaka mitatu, tutamsaidiaje asikate tamaa?

Neno la mwisho

Mtauliza, yule binti yuko wapi? Yuko nasi. Ndiye katibu wa kikundi siku hizi, na vitabu vyetu havijawahi kuwa safi hivi. Anaweka akiba, anatafuta chuo kitakachomruhusu kuongeza somo la pili. Mwaka jana kijana wa mwenyekiti alipotaka kujaza fomu, wazazi walimpeleka kwake usiku. Alisoma orodha yote kwa taa, akamwuliza swali moja tu: "Unataka kuwa nani?" Kisha akamwonyesha mstari wa kuchagua.

Somo hili ni yeye aliyetuomba tuliandike.