Somo la Nyumbani: Mkaa wa Kopo na Gesi ya Mtungi



Mara nyingi husemwa kwamba mama wa Dar es Salaam apikaye kwa mkaa hajaelimika, na kwamba akifundishwa madhara ya moshi ataacha. Sisi hatukubali. Moshi huo anaujua kuliko wanaomhubiria, maana ndiye anayekohoa. Shida yake ni nyingine: mkaa huuzwa kwa kopo, gesi huuzwa kwa mtungi, na anayepata fedha kwa siku hununua cha siku.

Chukueni daftari tufanye hesabu. Kilo moja ya gesi huivisha chakula ambacho kingetaka kilo 3 au 4 za mkaa katika jiko la kawaida, kwa kuwa joto jingi la mkaa hupotea pembeni, na makaa huendelea kuwaka hata sufuria ikishaepuliwa. Basi mtungi mdogo wa kilo 6 ni sawa na kilo 18 hadi 24 za mkaa. Sasa pimeni kopo lenu kwa mizani ya dukani. Tuseme, kwa mfano tu, lina robo tatu ya kilo na bei yake ni shilingi 1,000. Kilo 18 ni makopo 24, yaani shilingi 24,000. Linganisheni na bei ya kujaza mtungi huo mtaani kwenu.

Tulipofanya hesabu hii katika kikundi chetu cha akina mama, palikuwa kimya. Kisha mmoja akasema, "Kumbe kila mwezi nanunua gesi, ila siioni."

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi mingi imekwisha kutolewa kwa bei nafuu au bure. Ni jambo jema, lakini mtungi wa kwanza si tatizo kubwa kama wa pili. Gesi huisha tarehe 20, fedha hakuna, na mtungi hugeuka kiti cha watoto jikoni. Nyumba za namna hiyo tunazijua. Nyingine ni zetu wenyewe.

Dawa tuliyoiona ikifaa ni kibubu cha gesi peke yake. Siku upikapo kwa gesi, bei ya kopo ambalo hukulinunua iingie kibubuni siku hiyo hiyo, kabla ya jioni. Wanaocheza mchezo waweza kuweka zamu ndogo ya kujaza mitungi tu, isichanganywe na ada wala kodi. Penye mitungi yenye mita, inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu, hesabu huwa rahisi zaidi, lakini haipatikani kila mtaa.

Maharage ndiyo yanayomaliza mtungi. Yalowekeni usiku kucha. Mwenye umeme na sufuria ya presha ya umeme ataivisha nusu kilo bila kufikisha uniti moja; sufuria yenyewe ni ghali, na hapo tena twarudi kwenye mchezo.

Wengine watabaki na mkaa kwa muda, wala tusiwaaibishe. Ila jambo moja hatuna budi kulisema kwa ukali: jiko lenye makaa lisiingizwe chumbani mnamolala, hata kama limeacha kutoa moshi. Makaa yale hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu usingizini. Vivyo hivyo msikubali kuhamishiwa gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uchochoroni. Gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kungoja cheche. Mkisikia harufu yake, fungueni milango, msiguse swichi wala kiberiti.

Mnaponunua, angalieni lakiri, kisha mtake mtungi upimwe mbele yenu. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Toeni huo, na inayobaki iwe kilo 6.

Kazi ya nyumbani: kwa mkutano ujao kila mmoja alete uzito wa kopo lake la mkaa, bei yake, na idadi ya makopo aliyonunua kwa siku saba. Watakaokosa mizani waje na kopo lenyewe, tutapima pamoja.